Sanduku la Kumi na Nne

Nina mashine mbili za fotokopi karibu na mahakama,
moja inameza karatasi, nyingine inazitafuna.
Tangu saa mbili asubuhi watu wananiletea maisha yao:
cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo,
hati ya kiwanja cha Katuba chenye wenyewe watatu.
Karatasi nazijua. Nazijua kwa harufu:
iliyolala chini ya godoro,
iliyolala ofisini ikingoja kitu kidogo.

Jumanne ukaingia ujumbe kwenye simu, kutoka Ohaio.
Mwanamke wa maktaba, Doroti,
namba yangu kapewa na padri aliyewahi kuishi Kafubu.
Anapanga karatasi binafsi za Bwana Ardley Whitcombe,
afisa wa serikali yao, aliyetumwa huku kuhesabu shaba
mji ulipokuwa ukiitwa kwa jina la malkia wa watu wengine.
Masanduku thelathini na moja.
La kumi na nne ni letu.

Hakutupa kitu, bwana yule.
Risiti ya fundi viatu. Kwinini, chupa sita.
Barua kwa mkewe juu ya mchwa waliokula kinanda.
Tiketi ya treni iliyotobolewa Sakania.
Wageni wa Krismasi, na nani asiketi karibu na nani.
Jani la msuku, kavu, mishipa yote ipo.
Na daftari la jikoni: chumvi, mkaa, samaki wa Luapula,
mpishi, faranga kumi na mbili.
Mpishi hana jina.
Paka analo.

Doroti anauliza folda ya mwisho tu.
Juu yake wameandika: lugha haijatambuliwa.

Nikaifungua picha. Kalamu ya risasi,
herufi nene, kila moja imekandamizwa
kama mtu anayeogopa itatoroka:

    Bwana, njo miye Kabemba, mupishi yako wa mbele.
    Buku yangu ya kazi ulibeba mu sanduku yako.
    Bila buku banafunga mutu.
    Miye banaisha kunifunga mara mbili.
    Unirudishie. Ata na posta.

Picha ya pili ni buku lenyewe.
Jalada la kijani, alama ya kidole gumba,
na amri: mwenye kitabu hiki atembee nacho daima.

Kabemba ni babu yake mama.
Kwetu walimtaja wakitaka kumkaripia mtoto:
usiwe kichwa ngumu kama Kabemba,
aliyekataa kutembea na karatasi
hadi wakamvunjia mgongo kwa mawe ya reli.

Pembeni mwa barua, wino mweusi, mkono wa bwana,
neno moja. Si jibu.
Hifadhi.

Na wamehifadhi. Miaka mia na zaidi,
nyuzi kumi na nane, gizani,
hakuna mchwa aliyeonja.

Nikauliza kama buku laweza kurudi.
Doroti ni mwema, aliuliza wakubwa wake siku tatu.
Karatasi ni mali ya familia iliyozitoa, akasema,
ila kopi wanaweza kunitengenezea,
ningependa kurasa ngapi?
Kopi.
Mimi!
Nilicheka hadi mteja akachukua bahasha yake akaondoka.

Kisha nikamjazia fomu, kwa herufi kubwa.
Lugha: Kiswahili cha Lubumbashi.
Mwandishi: Kabemba, mpishi.
Mwenye mali: huyohuyo.

Jioni umeme ulikuwa umekatika.
Nikamsomea mama mdogo Mwadi kwa mwanga wa simu
akichambua lengalenga, sinia magotini.
Hakuinua kichwa. Akataka nirudie mstari wa mwisho.
Ata na posta.
Akanyamaza, majani yakijaa upande mmoja.

— Na tembre alilipa nani?
— Yeye. Bahasha ipo, nimeiona.
— Basi ilifika.
— Ilifika, mama.
— Ilifika, akasema,
akavunja bua, akalitupa nje kwenye giza.